Kisima Nambari Tisa

Becky alitapika mara ya nne kabla chai ya asubuhi haijachemka. Mama yake, Nabalayo, alimfuta kwa leso, akamlaza tena kwenye mkeka. Mtoto akanyoosha mkono kutaka maji. Macho yake yalikuwa yameingia ndani. Jirani yao Adongo, mhudumu wa afya wa kujitolea hapo mtaani Obunga, alimfinya ngozi ya tumbo, na ngozi ikabaki imesimama, dalili ya kuishiwa maji mwilini. Akamwambia Nabalayo asingoje, waite bodaboda sasa hivi.

Hospitalini walimtundikia dripu. Daktari aliuliza wanachota maji wapi. Nabalayo akasema kwa Mzee Okello, kisima cha nyuma ya ploti. Adongo, aliyekuwa amewasindikiza, alikijua kisima hicho. Kwa miaka mitatu, kila Jumanne, ni yeye aliyekuwa akijaza chupa moja kutoka kisima hicho, akiibandika nambari tisa na kuipeleka katika ofisi ya mradi wa utafiti wa maji kule mjini. Chupa zilikwenda. Majibu hayakuwahi kurudi.

Alitoka hospitalini akaenda moja kwa moja ofisini. Wepukhulu, msimamizi wa takwimu, alimpokea vizuri, akamvutia kiti. Adongo akaeleza habari za mtoto, akaomba majibu ya kisima nambari tisa. Wepukhulu alifungua kompyuta, akasoma, kisha akaigeuza kidogo ili Adongo asione.

"Mama, hayo siwezi kukupa. Data ni mali ya mradi mpaka ripoti itoke."

"Itatoka lini?"

"Kamati inakaa Novemba. Halafu wafadhili nao lazima wapitie."

Ulikuwa mwezi wa Aprili.

"Niambie tu kama ni mazuri. Si lazima uniandikie."

Wepukhulu aliangalia mlango. "Tangu Januari si mazuri," alisema polepole. "Lakini mimi sijakwambia. Na ile fomu ya kutunza siri, ulitia sahihi wewe mwenyewe."

Adongo aliikumbuka. Kurasa sita za Kiingereza, zilizogawiwa siku ya semina pamoja na soda na mandazi.

Alirudi Obunga na kopo la rangi nyekundu, akaandika kwenye mfuniko wa kisima: MAJI HAYA NI MABAYA. USINYWE. Kwa siku mbili wanawake walikipita kisima wakienda kwenye bomba la barabarani, wakirudi na shingo zimekakamaa. Siku ya tatu Okello, mwenye kisima, alipeleka malalamiko kwa chifu, na chifu akaupigia mradi simu.

Mkurugenzi alikuja mwenyewe, mwanamke mpole aitwaye Rachael. Hakumfokea mtu. Mbele ya chifu alisema mradi unaiheshimu sana jamii, kwamba matokeo yana taratibu zake, na kwamba tangazo ambalo halijapitishwa linaweza kuharibu utafiti wa miaka mingi. Adongo akamuuliza kama maji ni safi. Rachael akajibu kwamba mradi haujatoa msimamo wowote juu ya kisima chochote. Adongo akauliza tena, mara hii kwa Kijaluo. Jibu likawa lile lile, kwa Kiswahili. Chifu akaomba maneno hayo yaandikwe.

Kabla ya kuondoka Rachael alimtaka Adongo arudishe kitambulisho, sanduku la chupa na daftari zake zote. Akavirudisha.

Kesho yake Okello alikwangua rangi, na pale kisimani akabandika barua ya mradi iliyotiwa ndani ya nailoni. Ilisema mradi haujatoa matokeo yoyote yanayoonyesha kuwa maji ya kisima hiki hayafai kwa matumizi. Chini palikuwa na sahihi na muhuri wa buluu. Wasiojua kusoma walisomewa. Kufikia saa sita foleni ya mitungi ilikuwa imefika kwenye duka la Wechuli.

Nabalayo alikuja na Becky mgongoni. Walikuwa wameruhusiwa kutoka hospitalini asubuhi hiyo. Adongo akamshika mkono, akamsihi asichote.

"Barua iko na muhuri, Mama," Nabalayo alisema. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. "Wewe uko na nini?"

Adongo akauachia mkono wake. Hakuwa na hata kipande cha karatasi.

Kamba ikashuka, ikapanda. Nabalayo alichovya kikombe kwenye ndoo, akakipitisha juu ya bega, na Becky akakipokea kwa mikono miwili.