Mataruma Mapya ya Boti ya Faki

Mtaa wetu wa Mbotela, Nairobi, hauna ziwa, na kijito kilicho karibu hata bata wa Kanyiva, muuza makaa, wanakiogopa. Kwa hiyo asubuhi ile ya mwaka 1983, lori lilipoteremsha boti ya kuvulia samaki nyuma ya nyumba ya Mzee Faki, mtaa mzima ulitoka kutazama, na kabla ya adhuhuri Faki alikuwa keshabandikwa jina la Nuhu. Ilikuwa boti ya faiba, urefu wake futi kumi na tano. Rangi ya buluu ilikuwa imebabuka, tumbo lina nyufa, na ubao wa nyuma, ule wa kubebea injini, ukiushika unacheza kama jino bovu.

Faki alikuwa mpishi wa mhandisi mmoja Mzungu aliyependa kwenda kuvua Naivasha. Mzungu alipofungasha kurudi kwao, alimwachia mpishi wake boti iwe ukumbusho. Mwingine angeiuza siku ile ile. Faki alikataa katakata. Alitoka Vanga, kule pwani, kijana wa ndevu za kuhesabu, na sasa kichwa kilikuwa cheupe na kazi imekwisha, naye alitaka kurudi kwao. Lakini hakutaka kuwa mzee wa kukaa barazani akingojea wapwa zake wamletee sahani.

"Nikirudi na chombo, nimerudi mtu," alimwambia mkewe, Muhiba. "Nikirudi bila chombo, nimerudi mzigo."

Maneno hayo yalipenya ukuta, maana kuta za Mbotela hazijui siri, yakamfikia Mbuthia, jirani wa mlango wa pili. Mbuthia alikuwa fundi wa faiba katika karakana moja ya Industrial Area. Miaka kumi na miwili alikuwa akitengeneza matangi ya maji, akitandika mkeka wa faiba safu juu ya safu na kuupaka ile gundi yake inayonuka hadi machozi yakatoka, mpaka mkeka ukagandamana ukawa mgumu kama jiwe. Alikwenda akabisha hodi bila kungoja aitwe.

"Hii boti niachie mimi, Mzee Faki. Mwisho wa mwezi iko tayari, na sitaki kitu."

Faki alimwombea dua palepale. Mbuthia alirudi kwake akitembea kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni, maana nafasi aliyoitafuta miaka kumi na tisa ilikuwa imejileta yenyewe nyuma ya nyumba.

Miaka hiyo kumi na tisa ilikuwa hivi. Wangeci, binti yake wa kwanza, alipozaliwa, mkewe Teresiah alishikwa na homa ya uzazi akalazwa hospitali karibu miezi miwili. Mbuthia alibaki na kichanga kilichoyakataa maziwa ya kopo, kinalia mpaka sauti inakauka. Siku ya tatu Muhiba aliingia bila hodi. Alikuwa na mwanawe Saad, wa miezi minne, mgongoni. "Lete mtoto," alisema, basi. Akaketi, akamweka Saad ziwa la kulia na Wangeci la kushoto, na tangu siku hiyo mpaka Teresiah aliporudi watoto wale walilala kitanda kimoja. Teresiah aliporudi alimkuta mwanawe ana mashavu.

Mbuthia alikwenda kushukuru. Alibeba jogoo na kilo mbili za sukari. Muhiba alimpika jogoo, akamkaribisha Mbuthia amle, na ile sukari akaitia katika chai ya Mbuthia mwenyewe. Mtu wa aina hiyo utamshukuruje? Kila alipomwona Wangeci akikua, akienda shule, akipata kazi ya kupiga chapa, Mbuthia alihisi kuna neno limemkwama kooni. Sasa boti ile ndiyo ingemsemea.

Alianza kazi kwa mbwembwe. Kila akitoka karakana alivua shati, akakwangua rangi, akaziba nyufa, akatandika mkeka mpya chini na ubavuni. Faki alikaa karibu kwenye kigoda, akimpa chai na hadithi. Jioni moja mzee aliinuka akaanza kugonga ndani ya boti kwa kifundo cha kidole, akiyafuata mataruma, ile mihimili ya ndani inayoshika tumbo la chombo kama mbavu za mtu. Katika boti ile mataruma yalikuwa ya mbao, yamefunikwa na faiba yasionekane.

"Sikiliza, bwana fundi. Hili linaitika. Hili nalo limenyamaza. Na hili limenyamaza. Tuyafungue tuyatazame."

"Faiba haiozi, Mzee Faki," Mbuthia alisema akicheka. "Hiyo maneno ya kuoza ni ya boti za mbao."

Faki alikuwa na adabu za watu wa kwao, hakutaka kubishana na mtu anayemfanyia hisani. Akarudi kwenye kigoda chake. Na Mbuthia, kwa ule ujuzi wake wa matangi, akaufunika hata ule ubao wa nyuma uliokuwa ukicheza. Aliutandikia mkeka safu nne mpaka ukatulia kabisa. Ngozi ikiwa nzima, aliamini, chombo ni kizima. Tangi lina nini zaidi ya ngozi?

Jumapili ya mwisho wa mwezi, boti ilikuwa inang'aa. Nabiswa, dereva wa lori aliyekuwa akiteremka pwani kufuata nazi, alikuwa amekubali kuibeba Jumamosi iliyofuata, na hakuwa na safari nyingine mpaka baada ya miezi miwili. Zilibaki siku sita. Mbuthia alitoka kanisani, akavua koti, akatangaza kwamba sasa ni majaribio. Kule kazini tangi likikamilika hujazwa maji hadi shingoni likaachwa kutwa, na lisipovuja limefaulu. Basi akawaomba akina mama wa mtaa wamsaidie kuteka maji. Kwa kuwa Mbotela inapenda vituko, walijipanga kuanzia bombani mpaka kwenye boti, debe likipita mkono kwa mkono, wakiimba.

Faki alisogea karibu. "Bwana fundi, chombo hujaribiwa kwa maji yaliyo nje."

"Maji ni maji, Mzee Faki."

Boti ilikuwa imekalishwa juu ya matairi manne. Maji yalipanda yakafika kiunoni mwa boti, yakafika kifuani. Mbuthia alizunguka akipapasa chini kwa kiganja na hakuona hata tone. Alikuwa amekwisha kumgeukia Muhiba na tabasamu, na lile neno la miaka kumi na tisa liko ncha ya ulimi, ndipo iliposikika ka! kama mtu amevunja muwa gotini. Kisha ka! nyingine. Tumbo la boti likabonyea katikati ya matairi, likapasuka, na maji yakaporomoka yote kwa pamoja. Yalikuwa ya kahawia, yananuka kuoza. Yalimpita Mbuthia miguuni, yakaingia kwenye magunia ya makaa ya Kanyiva, yakashuka hadi barabarani.

"Noma! Safina imezama kwa lami!" kijana mmoja alipiga kelele, na watu wakacheka mpaka wakashikana.

Mbuthia hakuwaona. Alikuwa ameinama akitazama ndani ya ule mpasuko, mahali taruma lilipokatika. Alitia kidole. Mbao ilikuwa laini kama mkate uliolowa chai. Maji ya Naivasha yalikuwa yamejificha humo miaka nenda miaka rudi, yakiila polepole chini ya ngozi, naye alikuwa ameyafunika vizuri zaidi.

Aliingia nyumbani, akakaa kitandani na suruali yake ya kanisa iliyolowa. Teresiah alimletea chakula, hakukigusa.

"Nilitaka kumshukuru yule mama," alisema. "Nimemvunjia mumewe boti."

"Basi utakaa hapa mpaka ijitengeneze?" Teresiah alimuuliza. Alikuwa mwanamke asiye na subira na wanaume wanaojihurumia.

Kabla Mbuthia hajajibu, Faki alibisha hodi. Aliingia na kipande cha taruma bovu mkononi, akakiweka mezani kando ya sahani.

"Nimekuja kukushukuru," alisema.

Mbuthia alidhani anasutwa. Aliinamisha kichwa angoje mengine.

"La, nitazame. Hili lilikuwa livunjike, leo au kesho. Lingevunjikia nje ya mwamba, maji pima kumi na mbili, peke yangu, na umri huu. Limevunjikia Mbotela, maji yaniishia kifundoni. Kisha wanifichia uso? Alhamdulillahi, na wewe ahsante. Sasa inuka ule, kesho tuna kazi."

Mbuthia alimtazama mzee yule, akaona hana hata chembe ya mzaha. Alilia bila kujificha, huku anakula. Nami sioni aibu kwa mwanamume kulia akitendewa wema namna hiyo.

Aliomba likizo ya wiki nzima. Safari hii hakuna aliyejifanya anajua yote. Mbuthia alikata sakafu ya boti kwa msumeno, wakatoa mataruma yote, na ubao wa nyuma wakauchimba vipande vipande kwa patasi. Faki alikwenda Gikomba kuchagua mbao. Alizinusa, akazigonga, akazikataa hata wauza mbao wakamchoka, mwishowe akarudi na mvule mkavu. Alichonga kila taruma kwa kufuata uzi wa mbao, likakaa juu ya mkuku, ule uti wa chini wa chombo, bila kupwaya, na hapo ndipo Mbuthia alipolivika faiba, safu kwa safu, akiziba kila ncha ili maji yasipate pa kupenya. "Gonga, mzee," Mbuthia alikuwa akisema kila gundi ilipokauka. Faki anagonga. Likinyamaza, linafunguliwa. Moja walilifungua mara tatu. Wangeci alikuja kila akitoka kazini akawashikia taa ya karabai mpaka chakula kiive, na Muhiba akimwita "mwanangu" kama alivyozoea.

Jumamosi asubuhi boti ililazwa juu ya magogo mawili, moja chini ya omo, upande wa mbele, na moja chini ya tezi, upande wa nyuma, katikati pakiwa hewa tupu, namna wimbi linavyokinyanyua chombo. "Haya, pandeni," Faki alisema. Alipanda Kanyiva, ambaye uzito wake si wa kutaniwa na mtu anayeishi karibu naye. Akapanda Nabiswa. Wakapanda wale waliocheka Jumapili. Walipotimia kumi na wanne Faki aliwaamuru waruke, wakaruka, na boti haikutoa hata mlio. Kelele zilizopigwa Mbotela asubuhi ile, mtu angedhani timu ya mtaa imefunga bao.

Boti ilipofungwa kamba juu ya lori, na Faki amekwisha kukaa mbele, Mbuthia alimsogelea Muhiba.

"Mama Saad, ile kitu ulitufanyia na Wangeci, sijawahi kukurudishia. Angalau leo nimelipa kidogo."

Muhiba alimkazia macho. "Umelipa nini?"

"Ile ya kumnyonyesha mtoto."

"Baba Wangeci," Muhiba alisema taratibu, na alikuwa amekasirika, "yule nimemnyonyesha, ni mwanangu. Saad hawezi kumwoa, ni dada yake. Sasa mimi nimlee mwanangu, wewe unilipe? Kumbe miaka yote hii waniona mgeni?"

Akapanda lori, likaondoka. Mbuthia alibaki amesimama pale, faiba imemganda kwenye kucha, na furaha yake imeingia mchanga. Maneno yale alilala nayo na kuamka nayo.

Mwezi wa Desemba wazee wa upande wa mchumba wa Wangeci walikuja kwa ruracio, ile siku ya kuzungumza mahari. Muhiba alipelekewa barua, akaja kwa basi na kikapu cha papa mkavu aliyevuliwa kwa boti ile. Faki hakuja kwa sababu maji yalikuwa ya bamvua na samaki ni wengi, akatuma salamu kwamba mataruma bado yanaitika yote. Muhiba aliketi nyuma, karibu na mlango, kama jirani mwema aketivyo.

Walifika kwenye zawadi. Msemaji wa wageni alitoa blanketi la mama wa binti, kama ilivyo desturi, Teresiah akavishwa mabegani kwa vigelegele. Hapo Mbuthia akasimama. Siku tatu kabla alikuwa amekwenda mwenyewe kuzungumza na wazee wale, wala hakuna mtu nyumbani aliyejua.

"Bado moja," alisema. "Mtoto wetu ana mama wawili. Mmoja alimzaa, na huyo mwingine akamnyonyesha. Bila huyo wa pili hamngekuwa na bibi harusi wa kuja kuuliza. Mama Saad, toka hapo mlangoni. Hapo ni mahali pa wageni."

Teresiah ndiye aliyekwenda kumshika mkono. Wakamketisha kiti cha mbele, pembeni ya Wangeci, na mzee wa wageni akamfunika blanketi la pili, jekundu, zito, la baridi ya Limuru.

"Joto lote lile la Vanga," Muhiba alisema, "blanketi nitalifanyia nini?"

Kisha akalivuta juu, akajifunika nalo gubigubi mbele ya wakwe, ili wasimwone akilia.