Kitambaa Juu ya Pipa

Watu wa kilima kile kilicho juu ya ziwa la Nzilo walicheka mpaka wakachoka. Mahindi wanayajua, mihogo wanaijua, lakini Tshiela na mumewe Zéphirin walipopanda vijiti vikavu kwenye mteremko na kusema eti ni zabibu za Syrah, za kutengenezea mvinyo, majirani walimwonea huruma mama Numbi, mamake Zéphirin, kwa kupata mkwe wa namna hiyo. Mama Numbi naye hakuwatetea. Yeye hupika munkoyo, kinywaji cha kuchacha kinachokuwa tayari kwa siku mbili tu, na munkoyo wake wa unga wa mahindi unasifika mpaka Mutoshi. Kwa maoni yake, kinywaji kinachosubiriwa mwaka mzima ndipo kinywewe kina kasoro fulani.

Tena, tuseme ukweli, hakumpenda sana mkwe huyo. Tshiela ni wa ukoo uliotoka Kasai, na mzee huyu wa kaskazini mwa Katanga alikuwa na kinyongo cha zamani na watu wa huko. Hakuwahi kumtukana. Alimwita tu "muke ya Zéphirin", miaka yote, hata anapomwomba chumvi. Watoto wa majirani wote aliwaita "mutoto wangu", hata wale watundu wanaoiba maembe. Tshiela, hapana. Jambo hilo lilimuuma kuliko vicheko vya kilima kizima, ingawa hakumwambia mtu.

Mizabibu ikakaidi, ikazaa. Walivuna kiangazi, kabla mvua haijarudi, wakakamua, wakajaza pipa la mwaloni, moja tu, kwani hawakuwa na jingine. Humo Syrah ililala kwenye ghala la mawe, kizibo kimegongwa kikakaza, maana mvinyo wa pipa ukiingiwa na hewa umekwisha. Mara kwa mara Tshiela alifungua, akaongeza kidogo mahali pa ule ulionywewa na mbao, akaziba tena upesi. Sasa ulikaribia kuwa tayari, na alishaanza kuwaza sura za wale waliocheka.

Ndipo dada yake akajifungua Kolwezi, na hapakuwa na mtu wa kumtunza. Zéphirin alikuwa kazini Tenke. Tshiela akamwomba mama mkwe alinde nyumba, akaondoka bila kusema lolote kuhusu pipa. Aseme ya nini, na mzee mwenyewe hajawahi kukanyaga ghala lile?

Aliporudi baada ya majuma kadhaa, alimkuta mama Numbi anamsubiri mlangoni mwa ghala, uso umekunjuka. Akamshika mkono, akamwingiza ndani. Kizibo kilikuwa juu ya rafu, kimefutwa vumbi. Tundu la pipa lilifunikwa kwa kitambaa cheupe kilichofungwa uzi, kile kile anachofunikia munkoyo wake, ambacho hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kukigusa.

Mama Numbi akaeleza. Siku ile ile Tshiela alipoondoka, nyumba ilikuwa kimya, akaingia ghalani kutazama, akakuta pipa limezibwa kabisa. Alishtuka. Munkoyo ukiuziba hivyo unavimba mpaka unapasua dumu. Basi akatoa kizibo, akafunika vizuri, na kila asubuhi amekuwa akipita kuangalia kama nzi hawajaingia.

"Mi niliona vinyo yenu itapasuka," alisema. "Nikaiogopea. Nikaipatia pumuzi."

Tshiela alifungua bomba la pipa, akakinga kidogo kwa kikombe, akaonja. Siki. Siki tupu, ya kutia kwenye saladi. Alitaka kufoka, alitaka kukaa chini sakafuni, lakini mbele yake alisimama mwanamke aliyelitunza pipa lake kama anavyotunza chungu chake mwenyewe, na hakuwahi kumwona akimtazama kwa furaha hivyo. Akameza.

"Iko muzuri, mama. Bado kidogo tu."

Alisahau anasema na nani. Mama Numbi ameonja vitu vya kuchacha maisha yake yote. Alimtoa kikombe mkononi, akanusa, akanywa funda moja, akakiweka chini taratibu. Ile furaha ikamtoka usoni.

"Unanificha juu ya nini? Mi najua kitu ya kuchacha, najua na kitu ya kuharibika. Hii, ni mi niliiua."

"Hamukujua, mama. Na mi sikuwaambia."

"Sikuuliza," mama Numbi alisema. "Miaka yote hii, sikuuliza."

Akafungua uzi, akakikunja kitambaa mara mbili, akakaa nacho mapajani kwenye kigoda cha Zéphirin. Huko nje mizabibu ilikuwa imeanza kuchipua upya, na vicheko vya majirani vilikuwa na mwaka mwingine wa kuishi. Tshiela alijua hivyo, akajikaza.

"Zabibu zikiiva, utaniita tukamue pamoja," mama Numbi alisema mwishowe. "Na utanionyesha vile banafunga pipa, mutoto wangu."

Hapo ndipo Tshiela alipolia. Mama mkwe alidhani analilia mvinyo, akaanza kumwomba msamaha, na Tshiela akawa anatikisa kichwa kwamba sivyo.