Mayai ya Jicho la Kulia

Jicho la kushoto la Nabwile lilikuwa limekwisha kabla hajafikishwa kwa daktari. Lilibaki la kulia, na Phelista, bintiye aliyeolewa Matisi, pale Kitale, aliapa kwamba hilo halipotei yeye akiwa hai.

Daktari wa macho alimweleza taratibu. Ndani ya jicho mna vimeng'enya vinavyosafisha taka kali zinazoletwa na mwanga kila siku. Uzee huvichosha, na ugali kwa chai ya rangi hauvisaidii kitu. Vinahitaji madini kama zinki na seleniamu, yaliyomo kwenye mayai, samaki na maharagwe.

"Chakula peke yake si dawa," alionya, "lakini asikikose."

Basi kila wiki Phelista akawa anamtumia mamake kule Myanga mayai ya kuku wake mwenyewe, na omena, wale dagaa wa ziwani, juu yake. Nyumbani kwake yai likawa kitu cha kusikia tu.

"Kwani sisi hatuna macho?" mumewe, Hesbon, alimtania.

Phelista hakucheka. Alipiga simu. "Mayi, unakula lakini?"

"Chakula hakilali hapa," mamake alimjibu.

Na kweli, kila alipokwenda kumsalimia alikuta mayai yamekaangwa na omena inanukia nyanya. Nabwile aliketi kando akimtazama. "Kula, mimi nimeshiba." Phelista, njaa ya safari ikimuuma, alikula na kuomba aongezewe. Mtu mzima na akili zake, hakujiuliza hata mara moja.

Mwezi wa nane Nabwile alimimina chai nje ya kikombe. Wakarudi Kitale. Daktari alimulika jicho la kulia, akazima tochi, akawaambia pole.

Kwenye benchi la nje Phelista alishindwa kujizuia. "Si ulisema unakula? Mayai yote hayo yalienda wapi?"

"Niliweka ya wageni."

"Wageni gani, Mayi?"

Nabwile alishangaa kuulizwa. Kwao msichana akishaolewa, siku akirudi kwa mamake ni mgeni, na mgeni haandaliwi ugali na chai.

"Si ni wewe? Ati nimalize mimi, halafu ukuje upate nini?"

Phelista akaelewa. Jicho la mamake alikuwa amelila yeye, kwa mikono yake miwili, akilamba vidole. Hata kama daktari hakuahidi kitu, hilo halikumpunguzia uchungu. Alilia kwa sauti, watu wakamtazama, naye hakujali.

"Nyamaza, mama," Nabwile alimbembeleza. "Mimi nilikuwa nafurahi kukuangalia ukikula."

Alinyoosha mkono amshike, akaunyoosha upande usiokuwa na mtu.

"Tangu asubuhi umekula kitu?" aliuliza.