Ushahidi wa Mikono

Kila asubuhi kabla ya mazoezi, wasichana wa baleti katika jumba la maonyesho la Petersburg waliinyunyizia sakafu maji kwa kopo la bustani, maana mbao kavu huteleza, na mchezaji aliyevunjika mguu harudi kazini. Tangu Taisia Pankova afe maji mwezi Novemba, kopo lilikaa kabatini. Taisia aliendelea kuja mazoezini kama kawaida, akasimama mahali pake karibu na dirisha, na maji ya mfereji alimozama yakamtiririka kutoka nyweleni hadi sakafu ikalowa ya kutosha. Mwili wake ulikuwa bado mochwari ya polisi. Mzee aliyewapigia fidla alimjulia hali, kisha akalalamika kwamba unyevu unamlegezea nyuzi.

"Tasya, sogea bwana, unanilowesha viatu," alisema msichana aliyekuwa nyuma yake.

Taisia akasogea.

Dada yake mkubwa, Glafira, mchezaji wa mstari wa nyuma, alimtazama akikunja goti, na roho ikamuuma. Ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, ndiye aliyemfungia kamba za viatu vyake vya kwanza. Sasa alikuwa na shida moja tu, nayo ni kaburi. Polisi walisema Taisia alijitosa mwenyewe, na aliyejiua huzikwa nje ya ua wa makaburi, bila padri wala msalaba. Mama yao alilala ndani ya ua. Glafira alitaka mdogo wake alazwe ubavuni mwa mama, basi, hakutaka jingine duniani.

Na Taisia hakujiua. Alikwisha kuwaambia wote siku ile ile aliyorudi. Alisema kwa mikono, maana sauti haikurudi naye, kwa ishara ambazo kila mchezaji hufundishwa utotoni na ambazo wazee wenye viti vyao vya kudumu ukumbini huzisoma bila kukosea. Aligusa kidole cha pete: ndoa. Akanyanyua vidole viwili juu: kiapo. Akabembeleza mtoto asiyekuwapo. Kisha akajichorea masharubu na nishani kifuani, akasukuma hewa kwa viganja vyote viwili, na mwisho akakutanisha ngumi mbele yake, mikono imepishana: kifo. Masharubu yale na nishani zile kila mtu alizijua. Zilikuwa za Kanali Zavarin, ambaye roshani yake ya kutazamia ilikuwa karibu kabisa na jukwaa, na ambaye neno lake lilitosha kumpandisha mchezaji au kumfukuzisha.

Mpelelezi Drozhin alipokuja, Taisia alirudia yote mbele yake, taratibu, kama anayemfundisha mtoto. Mpelelezi alikuwa mtu wa mikoani, hajawahi kuona baleti.

"Anasema nini huyu?" aliuliza.

Ippolit Karlovich, mwalimu wao, alikohoa. "Anasema alipenda, bwana, akakata tamaa."

"Mwongo!" Glafira akapaza sauti. "Anasema alisukumwa! Waulize hawa wote!"

Mpelelezi akawaangalia wasichana. Wote wakaanza kukaza kamba za viatu ambazo zilikuwa zimekazwa tayari.

"Wewe ni ndugu, dada, una uchungu wako," alisema mpelelezi kwa upole, akavaa kofia yake.

Alipokwisha kutoka, Glafira alimshika mwalimu mkono. "Ippolit Karlovich, umemfundisha tangu ana miaka tisa."

"Glasha, mwanangu, nina watu wa kulisha hapa. Kanali akinuna, nani atabaki na kazi?"

"Na Tasya je?"

"Tasya hahitaji kulishwa."

Hakuwa na roho mbaya, mzee yule. Alikuwa mwoga tu, na woga wake ulikula watu vilevile. Kwa kuwa Taisia alikuwa mwepesi kuliko wakati wowote wa uhai wake, na hachoki, alimpa nafasi ya bibi harusi wa mtoni katika onyesho la Jumapili. Hapo Glafira akapata tumaini. Mpelelezi mmoja asiyejua ishara anaweza kudanganywa. Ukumbi mzima unaozijua haudanganyiki.

"Mdogo wangu," alimnong'oneza pembeni mwa jukwaa, "waambie wote. Usiache kitu."

Taisia aliwaambia. Alisimama katikati ya mwanga, mbele ya mawaziri na wake zao, akataja ndoa, kiapo, mtoto, viganja, kifo. Mwisho akanyoosha mkono hadi kwenye roshani ya Kanali na kuuacha hapo. Kutoka kwenye mstari wa nyuma, Glafira alimwona jenerali mzee akimfasiria mkewe sikioni, na mke akaziba mdomo kwa upepeo wake. Wameelewa, alijiambia. Mungu wangu, wameelewa wote.

Kanali Zavarin akainuka, machozi yakimlengalenga, akapiga makofi.

Ukumbi ukalipuka. "Tena!" walipiga kelele. "Pankova! Tena!" Maua yakamwagika jukwaani. Mwongoza muziki akamtazama Ippolit Karlovich, Ippolit Karlovich akatikisa kichwa kukubali, na fidla zikarudi mwanzo. Taisia, aliyekuwa mtiifu siku zote, akarudi alipoanzia. Akagusa kidole cha pete. Glafira alilia pale pale kwenye mstari, mikono kifuani kama ilivyotakiwa, asisogee, na watazamaji wa mbele wakamsifu kwa kulia vizuri.

Taisia alizikwa Jumanne, nje ya ua. Glafira alikwenda peke yake. Taisia mwenyewe hakuweza kuja: Kanali alikuwa ameomba onyesho lirudiwe, na ilibidi afanye mazoezi.