Alt na S

Ramlo alikuwa mchapaji kwa duka la Peterson, karibu na soko ya mbuzi hapa Garissa. Ile mvua kubwa ya tisini na saba ikaleta homa, na homa ikamchukua Ramlo kabla barabara ifunguke. Kilichobaki kwa mdogo wake Samsam ni vitufe viwili.

Ukifinya Alt na S pamoja, kompyuta inaandika yenyewe, ikimwita dada kwa Kisomali: "Abaayo, umenawa mikono? Sitaki mafuta ya sambusa kwa kibodi yangu." Halafu mistari mingine ya matusi matamu. Ramlo ndiye alifundisha mashini hivyo, ndio Samsam akitoka shule kuja kujifunza kuchapa, acheke kwanza. Herufi zinakimbia kwa skrini kama kuna mtu amekaa hapo anachapa.

Baada ya mazishi Samsam alizidi kuja. Anafinya, anatazama, anafuta, anaenda nyumbani.

Halafu Peterson akaajiri mchapaji mpya kutoka Nyeri, anaitwa Wanji. Samsam alimkuta anacheka peke yake.

"Msichana, leo nimeaibika! Niko na barua ya chifu, nafinya vibaya, katikati naona sambusa! Chifu ananiuliza, 'Hii sambusa ni ya nani?' Nikaitoa yote. Sasa Alt na S inaniandikia mwisho wa barua."

Samsam akatazama skrini. Miezi yote hiyo aliona haya kuomba karatasi moja tu, achapishe yale maneno ya Ramlo. Sasa machozi ndiyo yalisema.

"Kwani ilikuwa ya nani?"

"Ya dada yangu. Yule wa kabla yako."

"Woi! Si ningeambiwa jamani! Keti hapa. Taja maneno, nakuwekea kwa herufi ingine saa hii."

Samsam akataja ile ya mikono na sambusa. Inayofuata... Kuna mahali Ramlo alimwita mbuzi. Ama ni punda? Hakuwahi kuyashika. Angeyashika ya nini, na kitufe kilikuwa kinajua? Wanji naye alikumbuka sambusa tu. Akangoja, vidole juu ya kibodi.

"Nimesahau," Samsam akasema. "Walahi, dada, nimesahau."

Akatoka nje kwa jerikeni, akanawa mikono kwa sabuni, mpaka viwiko. Akarudi, akakaa, akafinya Alt na S.

"Ni mimi wako mwaminifu," kompyuta ikaandika. Chini yake ikaacha nafasi ya jina, tupu.