Mabinti wa Macho Meupe

"Mama mdogo, njoo uone! Nimegundua kitu!"

Mtoto wa dada yangu, tunayemwita Profesa na shahada ya kwanza hajaipata, alikuwa ameng'ang'ania hadubini. Mimi ni fundi wa maabara ya chuo chake, mwaka wa kumi na tisa sasa, na nzi wa matunda hawanibabaishi. Niliinama kuchungulia. Nzi wake walikuwa wamelala fofofo kwa dawa.

Alikuwa ameozesha majike wa macho meupe kwa madume wa macho mekundu. Hapo matokeo yanajulikana: watoto wa kiume hurithi macho meupe ya mama, mabinti huwa na mekundu kama baba. Lakini mabinti arobaini walikuwa na macho meupe pee.

"Kesho namwonyesha msimamizi wa utafiti wangu," alisema. "Akikubali, nimemaliza. Akikataa, narudia mwaka."

"Angekuwa mmoja katika elfu, ningekupigia vigelegele. Arobaini? Hao wana baba mwingine, mwanangu."

"Baba yupi tena?"

"Mama zao walitengwa saa ngapi?"

Nilimweleza huku nikijichekea. Jike akishatoka kwenye ganda, hukaa kwa muda wa saa nane hivi bila kutaka dume. Hutoka usiku, kwa hiyo ukipitisha alfajiri bila kumtenga, kaka zake wa macho meupe wameshamaliza kazi, na mbegu zao anaziweka akiba.

"Wewe unaleta bwana harusi, kumbe bibi harusi ana mimba! Ulikuwa umelala, au ulikuwa kwenye simu na yule wako?"

Mimi nikazidi kunoga.

"Lete daftari la zamu tumwone huyo mchelewaji."

"Mama mdogo, acha tu."

Nililivuta mwenyewe. Jumatatu: majike wametengwa saa nne asubuhi. Mwandiko ulikuwa wangu, na sahihi yangu ya mbwembwe chini yake. Siku hiyo yeye alikuwa na mtihani, akaniomba nimshikie zamu. Nami nilichelewa kufika, nilikuwa nyumbani nikimsubiri fundi bomba.

"Ulijua?"

"Nimekumbuka ulipouliza saa."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unafurahi sana."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikalikwapua daftari.

"Unaenda wapi?"

"Kwa msimamizi, kabla hajakurudisha mwaka kwa kosa langu. Wewe andaa chupa mpya. Na safari hii uwatenge mwenyewe."

Nilisita mlangoni kwake, kisha nikabisha hodi. Wanafunzi wangapi nimewacheka wakisita hivyo hivyo mbele ya mlango ule.