Mbao Zilizokua Kufikia Jina Lake

Arvid Tveit alikuwa anaunganisha chumba kipya na nyumba iliyojengwa na babu yake, na mbao zilikuwa hazilingani. Zote ziliitwa mbili kwa nne. Za babu zilikuwa inchi mbili kwa nne kweli. Hizi za sasa kiwanda kilikuwa kimezipunguza kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, mpaka nusu inchi ikatoweka kwenye unene na nusu nyingine kwenye upana. Jina hawakuligusa.

Chumba kilikuwa cha mama mkwe wake, Idella, aliyevunjika nyonga na kushindwa kuishi peke yake. Pale kuta mbili zilipokutana palibaki pengo, na upepo wa pwani ya Oregon ulipita humo hadi kitandani. Arvid aliona haya kumlaza mama wa watu pale.

Mvua za Oktoba zikaanza. Jumapili, familia ikiwa kanisani, mbao mpya zikakua mpaka zikafikia jina lake. Pengo likajifunga. Idella akasema chumba sasa kina joto, akaomba kahawa.

Jumatano alikuja Pruitt, mtu wa kiwanda, na msumeno mwembamba. Alieleza kwa adabu kwamba mbao za mtaa mzima zimenenepa, na kilichozidi ni mali ya kiwanda.

"Mimi nilinunua mbili kwa nne," Arvid alisema.

"Hilo ni jina tu, kaka. Kipimo ni kingine."

Idella akamtazama juu mpaka chini. "Kwa hiyo mkeo akikuita mwanamume, nalo ni jina tu?"

Pruitt alicheka mpaka akafuta macho, kisha akamwomba asogee kidogo. Arvid alimsaidia kubeba kitanda, maana jamaa alikuwa na mgongo mbovu. Kufika saa ya chakula, ukuta ulikuwa umerudia wembamba wake na upepo umerudi. Pruitt alipakia fito alizokata, akasema atapitia kila mwaka baada ya mvua, akaondoka na kipande cha pai ya matufaha.

Wiki iliyofuata fito zile zilikuwa dukani. Arvid alinunua za kuziba pengo. Unene wake ulikuwa nusu inchi; kibandiko kilisema inchi moja. Akazipigilia misumari. Idella akavuta kiti karibu na ukuta, akaketi kusubiri mvua.